Kufuli Lililofutwa

Picha uliiona. Usiseme hukuiona. Ilitoka ukurasa wa kwanza, siku ya Jumatano, upana wa safu tano: mwanamke amesimama mbele ya mlango wa chuma, viganja vyote viwili vimegandana na bati, uso hauonekani, moshi unatoka juu ya fremu, na katikati ya mlango, usawa wa kiuno chake, kufuli. Uliitazama kwa muda wa kumeza mate, ukafungua ukurasa wa michezo. Siku ya tatu ukafutia nayo vioo vya dirisha, na vioo vikatakata.

Kaa basi usomewe ulichofutia vioo.

Ule ulikuwa mlango wa nyuma wa kiwanda cha mashati. Kila siku saa mbili asubuhi, wafanyakazi wakishaingia, msimamizi aliufunga kwa nje ili shati lisitoke bila ruhusa. Kwenye kufuli alifunga utepe mwekundu, kipande cha kola iliyoharibika, ili mwenye kiwanda akichungulia kutoka ofisini kwake, ghorofa ya pili ng'ambo ya ua, ajue kwamba kumefungwa bila kujisumbua kuteremka ngazi. Moto ulianza saa tatu na nusu kwenye meza za kupigia pasi, kando ya mlango wa mbele. Baada ya dakika kumi na tisa hapakuwa na wa kuokolewa. Utepe haukuungua.

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa mshona kola. Alikuwa nje kwa sababu alitumwa stoo kuchukua nyuzi nyeupe. Mdogo wake, mtia vifungo, alikuwa ndani. Walizungumza kupitia mlango. Mdogo mtu alisema, "Dada, fungua," mara nyingi, halafu akasema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi, dada," na hakusema tena.

Aliyepiga picha ni mpiga picha wa gazeti, ambaye wenzake humwita Kope. Alikuwa anapita kwenda kupiga picha ya mkubwa fulani akikata utepe wa ofisi mpya. Alibonyeza kamera mara moja, akaiweka chini, akaenda kusaidia kugonga mlango. Ndiyo maana picha ya pili haipo.

Tume ya uchunguzi ilikaa wiki sita na kutoa ripoti. Ripoti ilisema mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kwamba marehemu, kwa uzembe wao, walikimbilia upande usio na mlango. Mshona kola alikwenda gazetini kuomba picha aipeleke kwa tume. Mhariri alimkaribisha kiti, akamweleza kwa upole kwamba picha ina hakimiliki, na hakimiliki ni ya gazeti. Mshona kola alisema mgongo ule ni wake. Mhariri alikubali kwamba mgongo ni wake, ila picha ya mgongo si yake. Kope, aliyekuwa amesimama pembeni, alisema yeye anatoa ruhusa. Akakumbushwa mkataba wake wa kazi: jicho ni lake, lakini linachokiona kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ni mali ya gazeti.

Nyumbani kulikuwa na mama yao. Mama alisomewa ripoti mara moja, ikamkaa. Kila alipoletewa chai ya jioni aliuliza swali lile lile: kwani mlango hakuuona? Mshona kola alimwambia mlango ulifungwa, na kwamba mdogo wake alifika. Mama alimpapasa mkono kama anayebembeleza mtoto anayesema uongo kwa wema. Serikali imeandika, mwanangu, alisema. Hicho ndicho mshona kola alichokuwa anakitafuta ofisi hadi ofisi, wala si kingine: neno uzembe litoke, mama aache kumwonea aibu marehemu.

Huku nyuma, mchoraji mmoja mwenye sifa alikuwa ameikata picha gazetini na kuibandika ukutani kwenye karakana yake. Alichora juu ya turubai lenye urefu wa mlango wenyewe. Alichora vizuri, tusimnyime haki yake. Alichora hadi kucha za mwanamke. Kazi ilipokaribia kwisha, alimwita wakili wake, na wakili akamshauri abadilishe mambo matatu, kwa sababu mambo mawili mahakama huyaona ni wizi na matatu huyaona ni ubunifu. Mchoraji akaligeuza gauni la kijivu kuwa la njano. Moshi akaugeuza mawingu. La tatu likamsumbua. Alizunguka turubai, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, kisha akachukua kisu cha rangi na kulikwangua kufuli.

"Lilikuwa linavuruga jicho," alimwambia wakili.

Mchoro ukapewa jina *Alfajiri Inabisha Hodi*. Mwenye kiwanda aliununua siku ya kwanza, kwa ajili ya ukumbi wa kiwanda chake kipya.

Kesho yake, saa tatu na nusu asubuhi, mchoraji alitaka kutoka karakanani akakuta mlango umefungwa kwa nje. Alimpigia simu fundi kufuli wa mtaa wa pili. Fundi alifika na kisanduku chake, akaliangalia kufuli: la shaba, zito, lenye mkwaruzo chini ya tundu la ufunguo na utepe mwekundu shingoni. Alilikata kwa msumeno wa chuma, na lilipoanguka lilitoboa zulia la mlangoni kwa moto.

"Mzee, nani kakufungia?" fundi aliuliza. "Huyu anakupenda. Makufuli imara namna hii hawatengenezi tena."

Siku iliyofuata, saa ile ile, likawa kwenye mlango wa choo, mchoraji akiwa ndani. Siku ya tatu alifanya kazi uani ili asiwe nyuma ya mlango wowote, likafunga geti. Wiki ya pili lilianza kwa mhariri, kwenye chumba cha mikutano. Wiki ya tatu likafika kwa mwenye kiwanda. Huyu aliajiri walinzi wawili wakae wakilitazama komeo la mlango wake bila kupepesa, na walinzi wakatoa taarifa kwa maandishi kwamba saa tatu na dakika ishirini na tisa komeo lilikuwa tupu, na saa tatu na nusu lilikuwa na kufuli, na kwamba hakuna mtu aliyekaribia. Taarifa ikapigwa mhuri na kuwekwa kwenye faili.

Halikumfunga mtu mwingine. Mfagizi wa ofisini kwa mwenye kiwanda alitoka na ndoo yake mlango uko wazi, bosi akimfuata hatua moja nyuma, mlango ukamfungia usoni. Mfagizi aliweka ndoo chini, akalitikisa kufuli kuona kama limekaza. Limekaza. Akaendelea na ngazi.

Fundi kufuli sasa alikuwa na kazi tatu kila asubuhi, na zote ni za saa ile ile. Ilibidi wapange zamu ya kusubiri. Makufuli yaliyokatwa aliyatupa kwenye debe, hadi siku mshona kola alipofika kibandani kwake kuyaomba.

"Ya nini, dada? Yamekatwa haya, hata mlango wa banda la kuku hayafungi."

"Nalijua kufuli hili, kaka. Nimelipiga kwa mkono."

Fundi alimtazama viganja, ambavyo vilikuwa na makovu ya kuungua. Alimbebea debe hadi masijala ya tume. Karani wa masijala aliyahesabu, yakawa arobaini na moja, akayarudisha moja moja mezani. Alieleza kwamba ripoti inahusu mlango usio na kufuli, kwa hiyo kufuli haliwezi kuwa kielelezo chake. Labda alete barua ya mmiliki.

Hapo ndipo mmiliki akaanza kutafutwa, maana gazeti lilikuwa tayari limemshtaki mchoraji kwa kunakili picha bila idhini. Wakili wa gazeti akaongeza dai: makufuli yote yametokana na picha ya gazeti, basi ni ya gazeti. Wakili wa mchoraji akajibu kwamba gazeti halikuwahi kulitoa kufuli kwenye picha. Aliyelitoa ni mteja wake, kwa kisu chake, na kitu kilichotolewa ni cha mtoaji. Walibishana wiki mbili. Watu wazima, wenye majoho.

Siku ya hukumu mshona kola alikaa benchi la nyuma na fundi kufuli na Kope. Mwenye kiwanda alikaa mbele kama mmiliki wa mchoro. Mchoro wenyewe ulisimamishwa upande wa kulia wa jaji, na picha ya gazeti, imekuzwa, upande wa kushoto. Ilikuwa mara ya kwanza picha ile kuingia chumba cha serikali.

Jaji alisoma bila haraka. Alisema gauni si hoja, mawingu si hoja. Hoja ni kufuli. Picha ya gazeti ni habari ya mlango uliofungwa kwa kufuli, kwa nje, na watu wamo ndani. Mchoro hauna kufuli, kwa hiyo unasema jambo jingine kabisa. Ni kazi mpya. Mchoraji hana hatia.

Mshona kola alisimama.

"Mheshimiwa, hilo la kufuli naomba uliseme tena."

"Nimeshalisema, mama."

"Kwa hiyo lilikuwepo."

"Kwenye picha, ndiyo."

"Na mlangoni?"

Jaji alivua miwani. "Mlango si kesi iliyo mbele yangu," alisema, na hakusema kwa ubaya.

Kisha, ili kumaliza suala la debe, akamgeukia mwenye kiwanda, akamuuliza kwa kiapo kama makufuli haya yanaweza kuwa yake. Mwenye kiwanda alishika kitabu, akasema hajawahi kumiliki kufuli la namna hiyo maishani mwake. Jaji akaahirisha shauri la makufuli hadi mmiliki atakapojulikana.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na nane. Mshona kola, fundi na Kope walitoka, na watu wa mabenchi ya nyuma wakatoka, na polisi wa mlangoni akatoka kwenda kunywa maji. Mlango ukajifunga taratibu. Kufuli likawepo. Ndani walibaki jaji, mwenye kiwanda, mhariri, mchoraji na mawakili; jaji alijaribu mlango wake wa faragha nyuma ya kiti, na huo pia ulikuwa na la kwake.

Fundi alifungua kisanduku, akatoa msumeno.

"Kaka fundi, subiri," mshona kola alisema.

"Dakika ngapi, dada?"

"Kumi na tisa."

Fundi alirudisha msumeno, akaketi juu ya kisanduku, akatoa saa yake. Hakuna aliyempinga. Polisi alirudi na glasi yake ya maji, akaelezwa, akaegemea ukuta.

Mle ndani hapakuwa na moto. Madirisha yalikuwa wazi, yenye nondo lakini wazi. Feni inazunguka, jagi la maji mezani. Hata hivyo dakika ya nne walianza kugonga, na dakika ya nane wakaanza kupiga kwa viganja. Mshona kola aliweka sikio mlangoni. Alizitambua sauti moja moja. Mwenye kiwanda alisema "Fungua" mara nyingi, kwanza kwa kuamuru, kisha kwa kutaja vyeo vyake, kisha bila cheo. Mshona kola alimsikiliza kwa makini mpaka dakika ya mwisho kama atasema "Basi". Hakusema. Mtu mwenye hewa hasemi basi.

Kope aliinua kamera, akapiga picha ya kioo kidogo cha juu ya mlango, chenye viganja sita vyeupe kwa kugandamizwa. Ilikuwa ndani ya saa za kazi, kwa hiyo ilikuwa ya gazeti, na gazeti halikuitoa.

Dakika ya kumi na tisa fundi alikata. Wakatoka, kila mmoja akiweka tai yake sawa. Mchoraji alisema mwanga wa kwenye kile kioo ulikuwa mzuri.

Mshona kola alilifunga kufuli kwenye kitambaa, likiwa bado moto, akaenda nalo nyumbani. Akaliweka mapajani kwa mama yake, akaeleza limetoka mlango upi na nani alikuwa nyuma yake. Mama alilipima uzito kwa mkono mmoja, kisha kwa mwingine. Akagusa utepe.

"Kumbe alifika mlangoni," mama alisema.

"Alifika, mama."

Mama akalishikilia mpaka likapoa.

Serikali haijaandika hivyo. Ripoti iko masijala, rafu ya tatu, na uzembe umo ukurasa wa kumi na mbili, haujaguswa. Hukumu yenye kufuli iko jengo la pili, kwenye faili lenye rangi nyingine, na karatasi hizi mbili hazijawahi kukutanishwa. Makufuli yanaendelea, wahusika wamezoea. Mwenye kiwanda hutembea na fundi kufuli wake mwenyewe, na saa tatu na nusu huweka miadi ya kunywa kahawa, kwa kuwa anajua hatoki. Mchoro uko ukumbini kwake, una taa yake. Upande wa pili wa ukuta huo wasichana mia mbili na kumi wanashona mashati, na mlango wao wa nyuma hufungwa saa mbili asubuhi kwa nje. Utepe wa safari hii ni wa kijani.

Wewe una mtu wako anayefanya kazi nyuma ya mlango. Binti, kaka, mkwe, jirani aliyekukopesha chumvi. Hivi sasa yumo ndani. Usimuulize jioni, jioni atakuambia hali si mbaya. Inuka uende ukazunguke nyuma ya jengo, ukaguse mlango kwa mkono wako. Ukikuta umefungwa kwa nje, usipige picha, usiandike barua, usiulize mali ya nani. Nenda na msumeno. Kata.