Kisarawe Sikupi

Nalala kwa hasira. Si usingizi wa uchovu huu, ni wa mtu aliyewekewa mto laini mahali ambapo zamani alitupiwa gunia, kisha akaambiwa jipumzishe ndugu yangu, jisikie uko kwako. Aliyeniambia hivyo ni Pazi. Pazi, mtani wangu tangu tuna meno yote, ambaye sijapata kufika barazani kwake hapa Kisarawe bila kuulizwa nimeiba nini huko nitokako na nani amenifungulia. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo, na kati ya Mnyamwezi na Mzaramo adabu haina kazi. Tunatukanana, tunanyang'anyana kofia, mmoja akifiwa mwingine anakwenda kuwachekesha wafiwa kaburini penyewe, na wa kukasirika hayupo, ndivyo tulivyoachiwa na wazee. Sasa tangu amzike mkewe, Sikudhani, ananiita ndugu Mihayo. Ananishukuru kwa kuja. Leo nimemwambia kichwa chake kimekuwa kama boga lililosahauliwa shambani, naye ameliinamisha hilo boga akajibu, ahsante, afya yangu si mbaya. Nimeingiwa na baridi. Na alasiri hii hii binti yake, Zamoyoni, anakuja na gari kumchukua akaishi naye Mbeya, nyumba imeshapata mpangaji, na miguu yangu hii Mbeya haifiki tena. Akiondoka hivi, na upole wake huu, mtani nimemkosa, na mwingine sina. Zamoyoni alishanipa ushauri kwenye simu: mzee, mahusiano yanajengwa, jifunze kusikiliza, mwangalie mtu machoni, usimkatishe. Nimemwangalia baba yake machoni asubuhi nzima mpaka akaniuliza, kwa upole, kama nasumbuliwa na macho. Basi nimejilaza kwenye benchi la baraza, nimegeukia ukuta, nimefumba macho, na ukuta unasogea pembeni kama mtu anayekupisha mlangoni.

Nipo barabarani. Najua barabara, nimezitembea maisha yangu yote, lakini hii haina tabia. Ni nyekundu, imenyooka, na kila nikiifuata mpaka mwisho nakuta ndipo nilipoanzia, jiwe lile lile, kijiti kile kile, na vumbi lina nyayo zangu mwenyewe zinazonitangulia. Natembea, narudi, natembea, na hasira yangu natembea nayo. Mara mbele yangu yupo mtu amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, kola imefungwa, na juu ya kola hakuna uso. Kichwa kipo, masikio yapo, ila panapotakiwa uso pamekuwa laini kama kitako cha bakuli. Namwamkia, haitikii. Namuuliza njia ya kwenda kwa Pazi. Anasema, kitendawili. Na mimi, kwa mazoea tu, kama mtoto yeyote aliyelelewa jikoni kwa bibi yake, neno linanitoka kabla sijafikiri: tega. Hapo ndipo ninapojifunga. Maana ukishasema tega umo mchezoni, huwezi kutoka mpaka uchezwe wote, na ukishindwa jibu unatoa mji. Anatega: ninaye karibu, kila nikimsogelea naona mgongo. Nasema kivuli. Anatikisa kichwa. Nasema mlima, nasema jana, nasema mke wa jirani. Anasema, nipe mji. Haya, mji ni kitu gani, tukiwa wadogo tuligawa miji mpaka ya Ulaya. Nampa Itigi, maana pale nilipata homa tu na kulala stesheni. Anajipapasa tumbo, anasema, nimekwenda Itigi, nimepokewa, nimewekewa kiti, nimekula kuku mapaja mawili, nimekuachia shingo. Ndivyo wasemavyo wote wanaopewa mji, hilo sikatai. Lakini papo hapo naitafuta Itigi kichwani siioni. Stesheni haipo. Yupo mama aliyenipa uji nikiwa na homa, najua alikuwepo, lakini nikimfuata nakuta pengo, kama ulimi unaotafuta jino lililong'olewa. Nasema, wewe, mbona unachukua kweli? Na jibu liko wapi, kwetu aliyepewa mji analitoa jibu. Anasema, jibu liko mji unaofuata. Anageuka na kwenda, na mimi, mzee mzima, namfuata nikinung'unika.

Mji unaofuata wote ni vioo. Kuta vioo, milango vioo, hata kisima kimefunikwa kwa kioo, na mbele ya kila kioo amesimama mtu asiye na uso anafanya mazoezi. Mmoja anasema, nakusikia, nakusikia, nakusikia. Mwingine anajifunza kutabasamu, na hana cha kutabasamia, anavuta mashavu matupu kwa vidole. Mwingine anaomba msamaha, anasimama, anajisahihisha, anaomba tena kwa sauti tamu zaidi. Nauliza wanamwomba nani. Hakuna anayejua, wote wanasema bado hawajawa tayari, wakishakuwa bora watakwenda kumtafuta mwenyewe. Nauliza watakuwa bora lini. Wanasema, kesho. Nauliza tangu lini. Wananigeuzia visogo, wanaendelea. Mwanamke mmoja mwenye sauti kama ya Zamoyoni ananishika mkono, ananisimamisha mbele ya kioo changu, anasema, mzee, lazima kila siku uwe bora kuliko jana. Namwambia, mama, jana nilikuwa Mzenga na leo niko Kisarawe, tofauti yake ni vumbi. Anasema, jitazame. Najitazama. Kioo kinanionyesha kisogo changu, na mabega, na mfuko wangu wa safari, na miguu inayoondoka. Nazunguka upande wa pili, kisogo. Nachungulia kwa kuvizia, kisogo. Nasema hiki kioo kibovu. Mwanamke anasema, kioo hakitengenezi kitu, kinaonyesha wanachokiona waliobaki nyumbani. Namwambia asinichoshe. Na yule wa shati la pasi yupo begani kwangu, sijui amefika saa ngapi, anasema, kitendawili. Nayafunga meno, naubana mdomo kwa mkono wangu mwenyewe, na bado namsikia mtu anasema tega, kumbe ni yule mimi wa ndani ya kioo, amenipa kisogo na kunisaliti juu.

Anatega: tulikuwa tunagongana kama vyungu, sasa tunapishana kama wakwe, nani amekufa? Hiki nakijua, nasema kwa furaha, Sikudhani, mke wa Pazi, Mungu amrehemu. Anatikisa kichwa. Vipi sivyo, nimemzika mwenyewe. Nipe mji. Nampa Kilosa, na Kilosa inakwenda na daraja lake na mafuriko yake na ugomvi wangu na kinyozi. Anatega tena, nashindwa tena, nampa Morogoro, nampa Manyoni. Yeye anakula tu, kila mji kuku, kila mji mapaja, mimi shingo. Jibu hatoi. Namwambia, hata mwizi huacha kitu, wewe mwizi wa namna gani. Namwambia hivi vitendawili vyako havina kichwa, mtu akitaka kuniambia jambo aniambie, mimi nimesoma madarasa mawili Urambo na moja Tabora na hilo la Tabora nilikuwa nje ya dirisha. Anasema, nipe mji. Nampa Tabora na dirisha lake, anatega kingine, nashindwa, nampa Urambo kwa hasira, na neno halijamaliza kutoka nataka kulirudisha, kwa kuwa Urambo ndipo alipo mama yangu, chini ya mnyaa, na sasa mnyaa najua ni mti tu, sijui umesimama wapi. Tunatembea. Barabara inazunguka, vioo vinazunguka, na nikijihesabia ndani yangu miji yote niliyopita kwa miguu, nakuta umebaki mmoja.

Anasimama. Kitendawili. Tega, nasema, na safari hii nasema kwa kutaka, kwa sababu nimechoka kushindwa kwa kuvutwa. Anasema: alinitukana tukawa ndugu, sasa ananiheshimu, anataka nini? Nasema, huyo amekasirika. Nakieleza kisa chote, kwa kuwa hapa najua hoja yangu. Siku ya maziko ya Sikudhani nilifanya kazi yangu ya utani kama inavyotakiwa. Nilijifunga kanga ya marehemu, moja kiunoni moja kichwani, nikatembea kama yeye, kisigino kinaburuta, nikamgombeza Pazi mbele ya msiba mzima kwa sauti ya mkewe: viatu umeacha wapi, mbona hujala, wageni wote hawa umewaita wewe na sukari hakuna. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Masheikh walicheka. Pazi alicheka machozi yakamtoka, nikasema afadhali. Kumbe alikasirika, amekaa nalo miezi yote hii, na mtani hana ruhusa ya kukasirika, kavunja sharti yeye, kwa nini nihangaike mimi? Natulia nikingoja. Yule wa shati anatikisa kichwa kile laini, polepole, kushoto, kulia. Sivyo. Nipe mji.

Naijua Kisarawe yote iliyobaki ndani yangu, inatoshea kwenye baraza moja, benchi, bakuli la tambi, na Pazi anasema huyo kaja, ficheni kuku. Nasema, Kisarawe sikupi. Anasema sharti ni sharti. Nasema sikupi, fanya utakalo. Na ninakaa chini, katikati ya barabara, mfuko nautupa pembeni. Barabara, iliyozoea kukimbia chini ya miguu yangu, inakwenda kidogo peke yake, inasita, inasimama. Vioo vinasimama. Anarudia, nipe mji. Narudia, sikupi. Tunabishana hivyo kama watoto mpaka nachemka, namfokea: kutwa nzima unaniuliza mimi, mimi, nataka nini, anataka nini, mimi nitajuaje! Sema mwenyewe basi. Wewe unataka nini?

Mikono yake haijui iwekwe wapi. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza mtegaji. Kola inapanda na kushuka, na kutoka pale pasipo na mdomo inakuja sauti ya Pazi, ndogo, haina upole wala utani, ni sauti ya Pazi tu. Anasema: siku ile uliponigombeza nilimsikia. Si wewe, yeye. Watu walikuwa wanacheka na mimi nacheka nao, lakini nilikuwa nasikiliza. Nikasema siku ya arobaini utarudia. Hukurudia. Kila ukifika nangoja, unatukana kwa sauti yako. Nitakuombaje? Mtani haombwi, anafanya mwenyewe, na jambo hilo ni la msibani peke yake. Sasa naondoka, na nyumba aliyokuwa akinigombezea ni hii. Nimekuwa mpole kwako kama mtu anayetaka kuazima jembe asijue aanzie wapi.

Nataka kumpiga. Ndilo jambo la kwanza linalonijia, kumpiga. Miezi yote! Nimenuna njia nzima, nimeangalia watu machoni, nimetoa Urambo na mama yangu, na neno lenyewe lilikuwa hili, la pumzi moja. Nasema, mpumbavu wewe, si ungesema. Anasema, si ungeuliza. Nanyanyua mkono, na mkono unagonga ukuta, na ukuta ni mgumu, ni wa baraza, na vidole vinaniuma.

Nimelala kwenye benchi. Mto upo. Jua limefika ukingoni mwa baraza na Pazi amekaa miguuni pangu ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, mwanga uko nyuma yake, uso siuoni vizuri. Anasema, samahani ndugu Mihayo kukuamsha, gari li njiani, nimeona nisiondoke bila kukupa chai. Haraka naitafuta Itigi. Nalipata jina. Yule mama wa uji simpati. Natafuta Urambo, nauona mti, siuoni mahali. Basi huenda sijatoka, huenda nimetoka na pengo, na wa kumuuliza ni huyu huyu. Najiinua. Nasafisha koo, naipandisha sauti juu kwenye pua alikokuwa akiitoa Sikudhani, na kisigino changu chenyewe kinaanza kuburuta sakafuni.

We Pazi we, nasema. Kikombe hicho umekitoa wapi? Si nimekwambia vikombe vya maua haviguswi? Mnyamwezi huyu amekuwa mgeni lini, ana mdomo wa kikombe cha maua huyo? Na shati hilo unakwenda nalo wapi, Mbeya kuna baridi, sweta umemwachia nani, umpe mpangaji mpaka sweta?

Anaweka kikombe chini, chai inamwagika kidogo. Anajifunika uso kwa viganja vyote viwili na mabega yanaanza kwenda juu na chini, na mimi nangoja, sijui nimejenga au nimebomoa. Kisha nyuma ya vile viganja inatoka sauti imejaa makamasi. Hakuwa akisema we Pazi we, anasema. Alikuwa anasema wee mwanamume. Jinyamwezi zima umekula wali wake maisha yako yote na hata kugombeza kama yeye hujui. Anza tena.

Nje honi inapigwa, mara moja, halafu tena, na siwezi kutambua inapigwa upande upi wa ukuta. Viganja bado havijaondoka usoni. Wee mwanamume, nasema, na yeye anaitika, naam.