Kiti cha Anayesimama

Muuzaji alikigusa kiti cha kwanza kwa kidole kimoja tu, nacho kikazunguka kama pia, ngozi yake nyeusi ikimeremeta chini ya taa za duka.

"Kaa, mzee wangu, uonje raha. Hiki humsinzisha mteja kabla hujashika mkasi."

Kinyozi hakukaa. Katika miaka ishirini na sita ya ufundi wake, kiti cha wateja alikuwa amekipanda siku za kubadilisha balbu tu, tena kwa miguu. Kilichomleta hapa ni mgongo. Pampu ya kuinulia kiti chake ilikuwa imekufa tangu mwaka jana, akawa anashinda ameinama juu ya vichwa vya watu, hata daktari akamwambia bila kumung'unya maneno: ainue vichwa hivyo vifike usawa wa kifua chake, ama aiage kazi. Fedha za kununua kiti alikuwa nazo. Za kununua mara mbili hakuwa nazo.

"Chukua hiki, shemeji," alisema kaka wa mkewe, fundi bomba aliyekuja kumsaidia kubeba. "Kinang'aa kama bwana harusi. Kile pale kimechanika, kina viraka, na bei yake ni maradufu! Dada yangu akisikia, utalala sebuleni."

Kinyozi alimtazama kichwani kwa utulivu. "Nywele zako zimerefuka."

"Nywele zangu zimeingiaje kwenye mambo ya kiti?"

"Kaa."

Akatoa kitana na mkasi mfukoni. Muuzaji akatoa macho. "Mzee, hapa ni dukani!"

"Nitafagia mwenyewe," alijibu kinyozi, na kwa jinsi alivyolisema hilo, kwa upole wa mtu aliyekwisha kukata shauri, muuzaji alijikuta ameleta ufagio.

Shemeji alipokaa kwenye kile kinachong'aa, kinyozi akakanyaga pedali. Kiti kilipanda vizuri, mpaka sikio la shemeji likawa sawasawa na kifungo cha pili cha shati la kinyozi. Hapo akaanza upande wa kulia, bila haraka, kama afanyavyo kila siku: kisogo kwanza, kisha juu ya sikio. Shemeji akaanza kusifia ulaini wa kiti, kisha akafumba macho. Dakika ya ishirini hivi, kinyozi alihisi ule moto wa zamani ukimwingia kiunoni. Akajinyoosha, akashusha macho kifuani pake. Sikio lilikuwa limefika kifungo cha nne.

"Kinashuka," alisema.

"Kidogo tu, mzee," muuzaji alikiri. "Wala mteja hasikii."

"Hasikii, naam. Yeye amekaa. Haya, shemeji, hamia kile chenye viraka."

"Hivi nilivyo? Kichwa nusu?"

"Nusu ya pili ni ya kiti cha pili."

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua vioo aliangua kicheko. Shemeji alivuka duka akiwa ameziba upande mmoja wa kichwa kwa kiganja, huku akiapa kwamba ukoo mzima utapata habari hizi kabla ya jioni.

Kiti cha pili kilikuwa kizito kama sefu. Kilipanda polepole, kikasimama. Kifungo cha pili. Kinyozi akakata, akarudia, akapunguza nywele za shingoni, akalinganisha pande zote mbili kwa subira kubwa kuliko ilivyohitajika, maana alitaka dakika ziende. Nusu saa ilipotimia, sikio lilikuwa palepale, na mkono wake haukuwa umekwenda kiunoni hata mara moja.

"Nakichukua hiki," alisema, akahesabu fedha zote pasipo kuomba punguzo.

Shemeji aliruka kutoka kitini. "Hata hukubembeleza bei! Ngozi imechanika, wewe unalipa kama kipya?"

"Ngozi atanishonea fundi viatu. Kiuno atanishonea nani?" Akamgeukia muuzaji, ambaye bado alikuwa akishangaa mnunuzi asiyevutana. "Kile kingine usimuuzie kinyozi. Muuzie mtu anayetaka kukaa sebuleni, atakifurahia."

Muuzaji akacheka mpaka akashika meza, kisha akasogeza ufagio kwa adabu. Kinyozi akafagia nywele zote, kona kwa kona. Alipomaliza, shemeji na muuzaji walikuwa wamekwisha kukiinamia kiti chenye viraka, mmoja huku na mwingine huku, wakisubiri.

"Njoo ushike hapa katikati, shemeji," fundi bomba alimwita kinyozi. "Mzigo ni wako huu!"

Kinyozi akawafungulia mlango, akasimama wima kando yake.

"Inueni tu," alisema. "Nimekinunua ili nisiiname, nami nimeshaanza kukitumia."