Nyuma ya Injini

...na mlango wenyewe kumbe ni mdogo hivi, Deodata anawaza, amesimama kizingitini mwa kiwanda cha mbao, kiatu kimoja kimezama kwenye maranda yaliyooza, mlango ambao ndotoni huwa mpana kama wa kanisa, kumbe gogo moja na mtu mmoja wanaujaza, na huko ndani mumewe Pancras anaongea bila kukoma, anasema mtambo huu bado mzima, mama Happy, kutu ni ya juu juu tu, mikanda itatafutwa, wale wanakikundi wa Nemba waliomwita aje kuukagua watafurahi, naye anaitikia mm, mm, maana Pancras anajua tu kwamba baba mkwe alikufia humu, lile lingine halijui, kwamba yeye Deodata, kabla hata hajaanza shule, alitumwa kuleta chakula, akasimama hapa hapa na kikapu chake, akaita Baba, na baba akageuka, na msumeno... hapana, asifike huko, atazame mabati yaliyotoboka, atazame mpera uliochipua katikati ya reli ya magogo, atazame chochote, lakini moyo umeshatangulia kama mbuzi aliyekata kamba, umeshafika Mabawe, msibani, mama yake Ildefonsa ameketi mkekani anawaambia wanawake, ni huyu mtoto, alimwita baba yake, naye akageuka, na shangazi mmoja akamshika Deodata mkono akamtoa nje, na tangu hapo hakuna aliyelirudia neno lile wala aliyelifuta, akalibeba shuleni, akalibeba komunyo ya kwanza, akaolewa nalo, ndiyo maana yeye haiti mtu, hata Happy akiwa ng'ambo ya shamba humfuata mpaka alipo akamgusa bega, na majirani husema mama Happy ana adabu, hapazi sauti, adabu gani...

"Unanisikia lakini?" Pancras anauliza, na sauti inatoka upande ambao hakuutegemea, anamtafuta kwa macho, hamwoni, anamuuliza uko wapi, naye anajibu yuko hapa, kwenye msumeno, hapa wapi, Deodata anasogea kulia, anasogea kushoto, anainama, haoni hata kofia yake, kati yao limekaa lile dude la injini, refu kuliko mtu, jeusi, limeshikwa na zege hata wezi wa vyuma wameliacha, basi labda zamani halikuwa hapo, labda walilihamisha, anauliza, na Pancras anasema hii haijawahi kuhama, zege ni la siku waliyojenga, angalia mwenyewe... anaangalia, anapima kwa macho kutoka kizingitini hadi kwenye injini, maana baba alipogeuka yeye alimwonea wapi, alisimama wapi hata amwone, aliona wanaume wakikimbia, hilo aliliona, kikapu kikaanguka, maharage yakamwagika mguuni, ya moto, hilo ni lake kabisa, lakini kule kugeuka, uso wa baba ukija polepole kama anataka kutabasamu, huo uso aliupata wapi, kama si mkekani, kwenye maneno ya mama...

"Ikiwaka hii," anauliza, "mtu akiita kutoka hapa mlangoni, anasikika?"

Pancras anacheka kidogo. "Ikiwaka hii, mimi na wewe tukisimama bega kwa bega tutaongea kwa mikono."

Halafu anarudi kwenye boliti zake, ngo, ngo, ngo, na Deodata alidhani siku akiutua mzigo huu atakuwa mwepesi, kumbe sivyo, ni hasira, inapanda kama maziwa jikoni, miaka yote ile, na mama akijua... lakini mama hakujua, mama hakuwahi kukanyaga hapa, aliletewa maiti na habari kwamba mtoto alikuwa mlangoni, basi akaunganisha, mjane mbichi mwenye watoto wadogo, angemlaumu nani, chuma, na sasa amezeeka huko Mabawe, Deodata akienda mama humfungia mkungu mkubwa wa ndizi kuliko wa ndugu zake wote na hamtazami usoni anapompa, kwa nini hamtazami, hata mama analibeba, ee Mungu, naye analibeba, na Pancras anamwomba spana iliyo kwenye mfuko hapo miguuni pake, na yeye hajainama bado, midomo inajaribu maneno ambayo Jumapili atayasema, mama, shikamoo mama, nilifika Nemba, mama, kutoka mlangoni msumeno hauonekani.