Chapati za Vitus

Digna alishuka garini Ifakara mjini Jumamosi asubuhi, kapu mkononi, akaelekea Mlabani kwa hatua za mtu anayejua kwamba anahitajika. Kapuni mlikuwa na unga wa ngano, mafuta ya alizeti na kibao chake mwenyewe cha kusukumia, kwa sababu hakuviamini vibao vya watu. Kule kwake Kisawasawa, iwe harusi, iwe Komunyo ya Kwanza, hakuna aliyeuliza nani atapika chapati. Aliitwa Digna, basi.

Safari hii alijiita mwenyewe. Wifi yake Edna, mke wa mdogo wake Vitus, alikuwa ameteleza kwenye tuta la shamba la mpunga upande wa Kivukoni akavunjika mkono wa kulia. Wiki ya tatu sasa mkono ulikuwa umefungwa hogo jeupe la plasta kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko. Na mchana wa siku hiyo wazazi wa Edna walikuwa wanakuja kutoka Mahenge, mara ya kwanza tangu binti yao aolewe. Baba, mzee Kelestini, alikuwa ametuma salamu moja tu: amezikumbuka chapati za mwanawe. Mama, Balbina, hakutuma salamu yoyote. Wakati wa posa ndiye aliyetamka mbele za watu kwamba fundi ujenzi kama Vitus huzijua nyumba za wenzake, yake humshinda, na kwamba mwanawe atakuja kuteseka. Digna hakuyasahau maneno hayo. Alikuwa amekuja kuizuia aibu kabla haijaingia mlangoni.

Alizunguka nyuma ya nyumba, akapiga hodi huku anaingia, akasimama palepale.

Vitus alikuwa ameketi kwenye kigoda, khanga ya mkewe kiunoni, mikono imezama ndani ya beseni. Alikuwa anakanda unga. Edna alikuwa kwenye mkeka, hogo limelala mapajani, anamtazama.

"Shikamoo dada," Vitus alisema, mikono haikusimama.

"Marahaba. Nini hicho?"

"Unga."

"Naona ni unga! Ondoka hapo, mikono yangu nimekuja nayo."

"Pumzika kwanza, dada. Chai iko kwenye chupa."

"Vitus, mama mkwe wako anakuja. Unataka kumkandia mama mkwe unga?"

"Sasa ale nini? Hogo la Edna?"

Edna akacheka mpaka akaushika mkono wake kwa maumivu. "Muache tu, wifi," alisema. "Za kwanza hata mbwa alizinusa akaenda zake. Alitia maji ya baridi, zikakauka kama vigae. Za pili mafuta yakatuchuruzika mpaka viwikoni. Lakini Jumanne nilikula tatu nikaomba ya nne."

Digna hakuamini. Aliketi kwenye mkeka, akamimina chai, akaamua kungoja kosa la kwanza ili ainuke.

Kosa halikuja. Vitus alikuwa amezoea kuchanganya lipu tangu ujana wake, na vidole vyake vilijua pale kitu kinapokuwa hakijakolea maji na pale kinapozidiwa. Alinyunyiza maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Hakuukanda unga kwa pupa. Aliusukuma kwa kisigino cha kiganja, akaukunja, akaugeuza, akausukuma tena, mabega yakifuata kama mtu anayepiga randa. Uliacha kunata kwenye beseni, ukalainika, mwishowe ukawa kama ndewe ya sikio. Akaupaka mafuta, akaufunika kwa kitambaa chenye unyevu, akaenda kunawa.

"Ukatekate sasa," Digna alisema. "Wageni wako njiani."

"Bado. Nusu saa."

"Nusu saa nzima? Mimi huuacha dakika kumi."

"Ukiuharakisha unajirudi, dada. Ukiusukuma, unakimbilia ulikotoka. Lipu nayo ni hivyo hivyo."

Dakika kumi ndizo Digna alizouachia unga maisha yake yote, na maisha yake yote alikuwa akipigana na chapati zinazojirudi kwenye kibao. Alijiongezea chai.

Nusu saa ilipotimia Vitus alikata madonge, akayasukuma yakawa mapana na membamba, akayapaka mafuta kwa ncha za vidole, akanyunyiza unga kidogo, kama mtu anayetia chumvi. Kisha akaanza kukunja kila moja kama kipepeo cha karatasi cha kujipepea, mkunjo juu ya mkunjo, akalivuta likawa kamba, akalizungusha kama konokono, mkia akauficha chini. Konokono kumi na nane walijipanga kwenye sinia, wote sawa, kana kwamba amewapimia kamba ya kujengea. Digna akajikuta ameinama kuwatazama kwa karibu.

Chapati ya kwanza ilipotua kwenye kikaangio, Vitus alisubiri mpaka ikavimba malengelenge madogo, akaigeuza, akaipaka mafuta, akaigeuza tena, akiizungusha kwa kijiko ili moto wa mkaa uifikie kila upande. Ilitoka na madoa ya kahawia. Aliishika kwa viganja viwili, akaipiga makofi mara moja, tabaka zikaachana. Harufu ikaenea uani.

"Mungu wangu," Digna alisema, kabla hajajua kwamba amesema.

Vitus alikuwa kwenye chapati ya saba pale sauti iliposikika pembeni ya nyumba. "Hodi huku! Mbele hakuna mtu."

Alikuwa mama Balbina, amewahi kwa saa nzima. Mzee Kelestini alimfuata, kofia mkononi. Wote wawili walisimama wakamwona mkwe wao amechuchumaa mbele ya jiko, khanga kiunoni, unga kwenye nyusi.

Kwa desturi ya kwao, mkwe na mama mkwe hawakaribiani hivyo, sembuse mwanaume kukutwa jikoni na khanga ya mkewe. Edna aliinamisha uso. Digna aliruka, akamnyang'anya Vitus kijiko. "Shikamoo mama! Karibuni! Nilimwambia anishikie kidogo tu, nilikuwa nimeinuka..."

Vitus alisimama, akainamisha kichwa kwa heshima. "Shikamoo mama. Shikamoo baba. Karibuni sana. Chakula kitachelewa kidogo, nisameheni."

"Marahaba," Balbina alijibu. Aliingia ndani.

Walipotengewa, kuku wa kienyeji kwenye bakuli na chapati ndani ya hotpoti, mzee Kelestini hakungoja kubembelezwa. Balbina alichukua moja, akaichana polepole, akazitazama tabaka zikifunguka moja baada ya nyingine. Akala. Akachukua ya pili. Kisha akamgeukia Digna.

"Nimesikia sifa zako mpaka Mahenge. Kumbe kweli. Umekanda wewe?"

Vitus alikuwa nje bado, anamalizia za mwisho. Ilikuwa rahisi kuitikia. Kichwa tu kingetosha, aibu ingefunikwa, na sifa zingebaki pale zilipozoea kukaa. Edna alimtazama wifi yake.

"Hapana, mama," Digna alisema. "Kakanda mdogo wangu, kasukuma yeye, kapika yeye. Mimi nimekunywa chai tu. Na nikuambie kweli, kwa miaka yote niliyopika, mimi sijawahi kuzipata hivi."

Balbina aliirudisha chapati kwenye sahani.

"Wiki tatu hizi, Edna, nani anakupikia?"

"Yeye, mama. Na kunifulia. Na kunisuka nywele alijaribu, hilo likamshinda."

Balbina alimtazama mumewe. "Mwaka ule nilipougua mguu miezi miwili, tulikula ugali wa majirani."

Mzee Kelestini alikohoa, akaomba maji.

Balbina akainuka, akachukua kigoda, akatoka uani. Alikiweka mbali na jiko, umbali wa heshima, akaketi. Vitus alitaka kusimama, Balbina akamwashiria akae.

"Baba," alimwita, kama mama anavyomwita mwanawe, "siku ya posa nilisema neno. Nilikosea. Sasa nionyeshe unavyokunja, taratibu, macho yangu si ya zamani."

Vitus alichukua donge la unga lililobaki kwenye beseni, akaanza. Digna naye alitoka ndani na kibao chake, akaketi ubavuni kwa mdogo wake, akakata kipande cha donge lile lile.

"Na mimi nionyeshe," alisema. "Hapo kwenye kuvuta kamba umeniacha."