Kaza

Karatasi ilichanika tena upande wa kushoto, mchaniko mrefu, na mshonaji mapazia akapiga msonyo uliosikika mpaka barabarani.

"Haya, nichanie zote basi tumalizane!" aliuambia upinde.

Upinde ulikuwa mpya, wa kisasa wenye vigurudumu kwenye ncha zake, mweusi tii, bado unanukia boksi. Mumewe ndiye aliyemwagizia, siku chache kabla ya kiharusi kumwangusha. Tangu waoane kazi ilikuwa imegawanywa hivyo: mume huuweka upinde sawa, mke hulenga na kujigamba. Sasa mume, fundi wa upinde, alikuwa ameketi pembeni ya cherehani, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo alioachiwa na mtu. Macho yake tu ndiyo yaliyobaki yale yale, hayapitwi na kitu.

Karatasi yenyewe ni ile ya kukatia ruwaza. Mke alikuwa ameibana kwenye fremu ya mbao katikati ya karakana, na nyuma yake akaweka gunia lililoshindiliwa mabaki ya vitambaa. Mshale ukitoka umenyooka, huacha tundu moja safi lenye alama za mabawa ya mkiani mwake. Ukitoka unatikisa mkia, karatasi huchanika ubavuni na kukusema. Na hii ya leo ilikuwa na mdomo, jamani!

Alilegeza skrubu ya kile kidole cha chuma kinachobeba mshale, akakisogeza kidogo sana, akafunga. Akavuta upote, akafyatua. Kushoto. Akakirudisha upande wa pili. Kushoto vile vile.

"Kaza," mumewe alisema.

"Nikaze nini, baba watoto? Skrubu nimeikaza mpaka inalia."

"Kaza." Aliinua mkono wake mzima, akakunja ngumi, akaikunjua, akahangaika kutafuta neno jingine na asilipate. "Kaza!"

Mke aliiona ile ngumi. Akaushika upinde kwa nguvu zote, vifundo vya vidole vikawa vyeupe, akaachia mshale. Mchaniko ukawa mrefu kuliko yote iliyotangulia.

Alitaka kuutupa upinde chini akae alie. Lakini tusimsingizie, hakuwa amekasirishwa na upinde. Kilichomkaa kooni kilikuwa neno jingine kabisa. Tangu mumewe aruhusiwe kutoka hospitalini, kila jioni mke alipoketi ukingoni mwa kitanda, mumewe alimkazia macho akamwambia, "Nenda." Siku za mwanzo alijifanya hakusikia. Baadaye akauliza, "Niende wapi?" na jibu likawa lile lile, nenda, tena kwa sauti ya juu. Daktari alikuwa amewaonya kwamba maneno yatampotea. Na kweli yalipotea: kijiko alikiita taa, wakacheka wote wawili mpaka machozi. Lakini kijiko ni kijiko. Mtu wako akikwambia nenda, hilo linaingia moyoni, halitoki. Alihamia kwenye kochi la karakana, akalala katikati ya majora ya mapazia, na mwisho akampigia simu wifi yake.

Wifi hakuwa na maneno mengi. Kesho asubuhi angekuja na gari amchukue kaka yake, akae kwake kwa muda, "na wewe upumue kidogo." Begi lilikuwa tayari mlangoni. Ndiyo maana mke alikuwa anahangaika na huu upinde leo. Alitaka mumewe auone ukipiga sawasawa kabla hajaondoka.

"Funga," mumewe alisema, akionyesha dirisha kwa kidevu.

Mke aliweka upinde juu ya meza ya kukatia, akaenda dirishani. Lilikuwa limefungwa. Aligeuka kumwambia hivyo, akamkuta anajifuta jasho shingoni kwa kiganja.

"Funga," alirudia, karibu kulia.

Mke alilifungua dirisha lote. Upepo ukaingia, karatasi kwenye fremu ikapepea, na mumewe akafumba macho kwa raha.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, ndiyo."

Mke alibaki amesimama pale, mkono ungali kwenye komeo, akilirudia moyoni neno lile: funga. Kisha akarudi mezani polepole, akauchukua upinde. Safari hii hakuushika. Aliuacha uegemee tu mzizi wa kidole gumba, vidole vingine akaviachia vining'inie mbele, vimelegea. Akavuta. Akatulia. Akafyatua.

Tundu moja, dogo, la duara, na alama za mabawa zimekaa vizuri pande zote.

"Lahaula!" alipiga kelele. "Kumbe ni mkono wangu! Nimeubana upinde wa watu kama namkamata mwizi! Na wewe muda wote unaniambia..." Mumewe alikuwa anacheka kwa nusu ya mdomo, bega zima likitikisika. "Unaniambia nilegeze. Ndicho ulichokuwa unasema, si ndiyo? Nilegeze."

"Kaza," alikubali mumewe, akiitikia kwa kichwa, amejaa furaha.

Kicheko cha mke kilikatika. Alisogea mpaka mbele ya kile kiti, upinde bado mkononi, akamtazama usoni. Aliogopa kuuliza, akauliza.

"Na ile ya jioni? Ile unayoniambia kila siku nikikaa kitandani?"

Mumewe aliacha kucheka. Mkono wake mzima ulitoka mapajani, ukatafuta ncha ya aproni ya mkewe, ukaing'ang'ania.

"Nenda," alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Nenda. Nenda."

Mke aliutua upinde sakafuni, akavuta stuli ya cherehani, akaketi hadi magoti yao yakagusana.

"Naenda, mume wangu," alimjibu. "Si hivi naenda."