Rangi kwenye Vichwa vya Betri

Mashine ya mvuke wa dawa ilinguruma mara moja, ikakata. Mama akaibonyeza tena. Kimya. Kitinda mimba wake, pumu kifuani, alikuwa ameketi kitandani amenyoosha shingo, akivuta pumzi kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija.

“Baba Watoto! Betri imelala!”

Jua lilikuwa linachoma bati tangu asubuhi, lakini kwenye kontrola ukutani, kisanduku kinachopitisha umeme wa sola kwenda kwenye betri, ilikuwa inawaka taa ya paneli peke yake. Taa ya betri ilikuwa imezimika. Maana yake umeme unafika mlangoni, hauingii ndani.

Akaitwa shemeji, mdogo wa mumewe, anayeuza chaja za simu na kwa hiyo anajiona fundi wa kila chenye waya. Alipanda juu ya bati akafuta vumbi kwenye paneli. Akatikisa nyaya. Akachomoa fyuzi, akaitazama, nzima, akairudisha.

“Kontrola imekufa hii,” alisema. “Dawa ni kuiruka. Waya wa paneli moja kwa moja kwenye betri, mambo kwisha.”

“Huruki kitu nyumbani kwangu,” Mama alisema, akasimama mbele ya betri. “Kontrola ndiyo bawabu. Ukimfukuza, betri itachemka. Mwanangu amelala hatua tatu kutoka hapa.”

“Shemeji, woga wako utakuzeesha.”

“Acha nizeeke. Kuzeeka nako ni kuishi.”

Ila alitaka sana iwe kweli, waya mmoja tu na mashine ingurume. Akainama kuitazama betri ili asimtazame mtoto. Hapo ndipo alipouona wekundu. Vichwa vya betri vilimetameta, kimoja chekundu, kingine cheusi, na pete za nyaya za kontrola zimepakwa vivyo hivyo, ndani na nje.

“Nani kapamba hapa?”

Mumewe, fundi rangi ambaye mtaa mzima unamwita Brashi, alijikuna kisogo. “Mimi, juzi. Kutu ilikuwa inaanza. Halafu huyu mdogo wangu asije akachanganya nyaya. Nimepiga mikono miwili, rangi ya mafuta. Haishiki kutu ng’o!”

“Wala umeme haushiki!” shemeji aliangua kicheko. “Kaka, umeivalisha betri koti la mvua!”

Klipu za mashine zina meno, zilitoboa rangi zikanyonya betri siku mbili mpaka ikabaki ganda. Pete za kontrola hazina meno. Kwa hiyo umeme ulitoka, haukuingia.

Mama hakucheka. “Funikeni paneli kwanza kwa blanketi lile, umeme ukatike. Kisha fungueni. Msasa si unao?”

Brashi alisugua vichwa na pete mpaka madini yakang’aa, jasho likimdondoka puani. Wakakaza nati, wakafunua paneli. Taa ya betri ikawaka, nyekundu, ikikonyeza.

“Tayari!” alisema Brashi. “Ipe mpaka alasiri, mashine itaimba.”

Mpaka alasiri. Mama aligeuka kitandani. Ngozi kati ya mbavu za mtoto ilikuwa inazama kila alipovuta, na midomo imepauka. Akina mama, mkiona mbavu zinazama, betri haingojwi. Hata ikiwaka taa zote za dunia.

“Ndiyo kwanza imepona, mke wangu, subiri kidogo—”

“Iliyopona ni betri.”

Alimfunga mtoto mgongoni kwa khanga na kutoka bila kubadili kandambili. Njiani hakumwitikia mtu salamu; alikuwa anasikiliza mgongo wake tu. Kule zahanati, muuguzi hakumwuliza jina. Alimwekea mtoto barakoa, mvuke ukapanda.

Muda mrefu baadaye simu ikaita. “Nusu imejaa!” Brashi alipiga kelele kwa furaha. “Mrudishe, mashine inaimba!”

Mama aliweka kiganja juu ya kifua kidogo. Kilikuwa bado kinapiga mluzi, ila polepole.

“Iache iimbe,” alisema. “Sisi hatutoki hapa mpaka kifua hiki kitulie.”