Kilicholia Ndani ya Mtutu

Kazini walimwita Masikio, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akinasa sauti za filamu. Kiti chake cha kukunja kilikaa pembeni siku zote. Kinasa sauti kikiwa mapajani na hedifoni kichwani, aliyasikia ambayo wengine hawayasikii: tumbo la mwigizaji likinguruma, umbeya wa watu waliosahau kwamba wamefungwa maiki kifuani. Mengi aliyasikia akayameza. Alikuwa mwanamke mwenye kifua.

Siku ile walikuwa kwenye karakana ya zamani ya mbao, sakafu imejaa vumbi la msumeno na kokoto zilizoingia na viatu. Aliyepaswa kuuawa ni mwigizaji ambaye watoto wa mtaani kwake walimwita Jambazi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya mtu mwema. Sura ndiyo iliyomponza. Kwa tabia hata inzi alimfungulia dirisha. Alishakufa kwenye filamu kumi na nne, na kila kifo alikifanyia mazoezi sebuleni kwake, mkewe akimtandikia godoro na wanawe pacha wakimpa alama.

"Jana wifi yako kanipa saba kwa kumi," alimwambia Masikio, ambaye alikuwa akimfunga maiki chini ya shati. "Anasema nakufa mbiombio, kama mtu anayewahi basi."

"Leo kufa taratibu basi, kaka. Ila usiviringike, utanivunjia maiki."

Wakacheka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho.

Kwenye mazoezi, kijana aliyeigiza askari aliiangusha bastola. Ilidunda kwenye kokoto, akaiokota, akaipangusa kwenye suruali. Hakuna aliyeshtuka. Risasi zenyewe zilikuwa baridi: baruti ipo, moto na mlio vipo, ila hakuna kichwa cha chuma kinachotoka. Kumbe mtutu ukishameza kitu, baruti haiulizi ni kitu gani.

Mtunza vifaa, mzee mmoja waliyemwita Babu, alisogea. "Nipeni dakika mbili niikague. Imeanguka hiyo."

"Jua linatukimbia, Babu," muongozaji akajibu bila kugeuka. "Tupige hii moja kwanza."

Babu akasimama, mkono umenyooshwa nusu. Kisha akarudi nyuma.

Kijana akainua bastola kuelekea kifua cha Jambazi, na kupitia maiki ya pale kifuani Masikio akasikia kitu. Tik. Tik-tik. Kitu kidogo kikigongagonga ndani ya chuma, kama punje ya sukari kwenye kopo tupu. Akajua kinatoka kwenye bastola. Akawaza: kelele hii itaniharibia sauti. Wala hakuwaza zaidi ya hapo. Mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya, ukazungusha kitufe na kupunguza sauti. Kelele ikatoweka. Muongozaji akapaza sauti, "Haya, twende!"

Bastola ikalia. Jambazi akarudi hatua moja, akakaa chini, kisha akalala ubavu polepole, mkono kifuani. Hakuwahi kufa vizuri vile. Muongozaji akasema, "Kata!" na karakana nzima ikapiga makofi.

Masikio peke yake hakupiga. Kwenye hedifoni kulikuwa na sauti, ndogo kwa sababu mwenyewe aliipunguza, ikabidi azikandamize hedifoni kwa viganja vyote viwili ndipo aielewe.

"Samahani jamani," Jambazi alikuwa akisema. "Nimekosea. Turudie."

Halafu pumzi moja ndefu. Nyingine haikufuata.

"Acheni makofi!" Masikio akapiga ukelele. "Acheni!"

Daktari alikuta kijiwe kisichozidi punje ya harage. Polisi walichukua bastola, wakachukua picha za kamera, wakamchukua na Babu. Sauti hawakuiulizia, naye hakuipeleka. Kamera ilikuwa haijawashwa Babu alipoomba dakika zake mbili, ni kinasa sauti tu kilichokuwa kikinasa, na waliomsikia wakaogopea kazi zao, kwa hiyo neno likaenea kwamba mzee alizembea. Mazishini muongozaji alisimama akasema marehemu alikata roho akilitaja jina la mkewe na la wanawe. Watu walilia. Masikio alikuwa nyuma kabisa, ameinamisha kichwa.

Tangu hapo ule mlio haukumwacha. Aliusikia funguo zilipogusana mfukoni, kijiko kilipogonga kikombe, mlango wa jirani ulipofungwa komeo. Akaacha kuweka sukari kwenye chai. Siku moja alishinda mchana kutwa akitafuta ndani ya friji kitu kinachogongagonga, akatoa kila kilichokuwamo mpaka maziwa yakaganda mezani. Hakuna alichokiona. Kilichomtesa zaidi ni mkono wake wa kulia, ambao vidole vyake viwili vilikuwa vikijizungusha vyenyewe alipokuwa akiongea na watu.

Wiki ya sita, saa tisa alasiri, mlango ukabishwa. Alikuwa mke wa Jambazi, amevaa koti la mumewe, mikono ya koti imepita vidole.

"Wifi, sikai," alisema, ingawa alishaketi. "Nina swali moja tu. Ulikuwa umemvalisha maiki. Ni kweli alinitaja?"

Masikio alitazama sakafu. Ilikuwa rahisi kuitikia tu kwa kichwa, na mwanamke yule angeondoka amefarijika.

"Hapana, wifi. Alisema, 'Samahani jamani. Nimekosea. Turudie.'"

Mabega ya mjane yakaanza kutikisika, na Masikio hakujua kama ni kicheko au kilio, maana vyote viwili vilitoka pamoja.

"Ndiye huyo," mjane akasema, akipangusa uso kwa mkono wa koti. "Ndiye mwenyewe. Siku ya harusi alinikanyaga gauni, akawaomba wageni msamaha mmoja mmoja. Nilijua tu. Nilimwambia dada yangu, haya maneno ya muongozaji si ya mume wangu, huyu hajui kusema maneno mazuri." Akapumua. "Asante, wifi."

Ile asante ndiyo iliyomshinda Masikio. Angetukanwa angevumilia.

"Usinishukuru," alisema. "Nilisikia kitu kabla. Kilikuwa kinalia ndani ya bastola. Nilipunguza sauti ili nisikisikie."

"Sijakuelewa."

Akamweleza yote, kokoto, dakika mbili za Babu, kitufe. Kisha akafungua kabati, akatoa kinasa sauti alichokiviringisha kwenye taulo, akakiweka mezani kati yao. Mjane hakukigusa.

"Wiki sita," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Yule mzee yuko ndani wiki sita, na hiki kiko kabatini kwako."

"Niliogopa."

"Na mkewe naye anaogopa nini, dada?" Hakumwita wifi tena. Akainuka, akafunga vifungo vya koti vyote, kimoja baada ya kingine. "Kipeleke kesho asubuhi. Usipokipeleka, nitakuja kukichukua mwenyewe."

Masikio alikipeleka siku ileile kabla ofisi hazijafungwa. Miezi miwili baadaye, mbele ya hakimu, sauti ikachezwa chumba kizima kikisikiliza. Babu aliposikia sauti yake mwenyewe ikiomba dakika mbili alifunika uso kwa kofia. Muongozaji alitazama viatu vyake. Ulipofika ule mlio, Masikio akainua kidole, lakini hakimu hakusikia kitu, ikabidi uchezwe mara tatu.

"Na wewe ulifanya nini uliposikia?" akamuuliza Masikio.

"Nilipunguza sauti, mheshimiwa."

Babu aliachiwa. Muongozaji alishtakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo. Masikio hakushtakiwa kwa lolote, jambo ambalo hakulipokea kama nafuu. Babu alipomfuata koridoni kumshika mkono na kumshukuru, alimwomba radhi akakimbilia chooni, akakaa humo mpaka akasikia koridoni kumetulia.

Mjane alikuwa bado kwenye ngazi za nje.

"Sijakusamehe," alimwambia. "Usije ukawaambia watu nimekusamehe. Lakini nipe namba yako."

Ilipita miezi. Masikio aliacha kazi ya filamu akaajiriwa duka la vitambaa, mahali ambapo vitu vyote ni laini. Alasiri moja simu ikaita. Alipoitikia hakujibiwa. Alisikia sauti za sebule: kiti kikiburutwa, mapacha wakigombania kalamu, pumzi ya mwanamke karibu kabisa na simu. Hakuuliza kitu. Aliweka mkasi chini, akaketi juu ya jora la kitambaa, akasikiliza. Mteja akaingia, akasubiri, akaondoka.

Baada ya muda mrefu mjane akasema, "Haya, dada," akakata.

Wiki iliyofuata akapiga tena.